Sofa za Kiarabu na Tembe la Bibi

Wiki iliyopita mteja aliingia kwenye banda langu la ushonaji hapa Chang'ombe, Dodoma, simu ameitanguliza mbele. "Dada, nataka kama hii." Kwenye kioo kulikuwa na sebule ya buluu na dhahabu. Migongo ya makochi imepanda kuliko kichwa cha mtu, mapazia yamebanwa kwa kamba zenye vishada, na katikati amesimama mwanamke mwenye taji, machozi yanamtiririka. "Hii ya Kiarabu," akasisitiza. "Niliipiga picha kwenye TV kabla haijapita."

Nikaikuza kwa vidole viwili. Ilikuwa tamthilia ya masultani wa Uturuki, mojawapo ya zile zinazowekewa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa usiku watu wakishamaliza kula. Nikamwambia kwa upole kwamba hao ni Waturuki, wana lugha yao na mambo yao, na Mwarabu wa Muscat akiingia kwenye sebule ile ataishangaa vilevile kama sisi. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi iite ya Kituruki. Mimi naitaka."

Nikapima, nikaandika, akaacha advansi. Sebule ni yake na fedha ni zake. Ila tangu aondoke sijatulia, kwa sababu jambo hili nimelibeba muda mrefu, na leo nimeona niliandike lote.

Miaka saba sasa nashona mapazia na majlis, zile seti za magodoro na mito ya kukaa chini. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa vitendo, nyumba zimeota kama uyoga: Ilazo, Nzuguni, Mkonze, Nala, Ihumwa. Watu wanataka dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, wanataka marumaru zinazong'aa, na wenye nafasi wanataka sebule ya pili, ya kukaa chini, "ya Kiarabu". Waislamu na Wakristo, wote wanaagiza. Mwezi wa Ramadhani nalala saa nane za usiku kwa kazi.

Kwa asiyeijua, majlis inashonwa hivi. Unapima ukuta hadi ukuta, maana godoro la kukalia linatakiwa lizunguke chumba bila pengo hata la kidole. Sponji liwe gumu, inchi 6 kwenda juu, kwa kuwa sponji laini likikaliwa miezi mitatu linabonyea na mteja anarudi na maneno. Upana usipungue sentimita 70. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanapima kama kochi la kuning'iniza miguu, wakati mtu wa majlis anakunja miguu na magoti yake yanahitaji mahali pa kulala. Kisha mito ya mgongo, halafu matakia, yale magumu ya mstatili, moja kila baada ya mtu mmoja, ya kuegemeza kiwiko. Takia ndilo linaloamua kama mgeni atakaa dakika kumi au saa tatu. Mimi kila seti nikiimaliza naikalia mwenyewe, nakunja miguu, nakunywa chai nzima. Nikisikia mgongo unaomba kuhama, nafumua.

Kochi la yule mteja wangu limebuniwa litazamwe. Hakuna atakayekaa pale saa tatu.

Nimeanza na makochi kwa sababu neno sofa lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, *suffa*, likapita Uturuki hadi Ulaya, kisha likaturudia sisi kupitia Waingereza. Na suffa Waislamu wengi tuliisikia madrasa kabla hatujajua kochi ni nini. Ilikuwa sehemu yenye kivuli kwenye msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina, na Ahlu Suffa walikuwa Waislamu fukara wasio na makazi wala jamaa wa kuwapokea, wakilala hapo na kusoma hapo. Kila ninapopiga stepla kitambaa cha veliveti kwenye fremu ya mninga nawakumbuka hao watu.

Majlis nayo ina yake. Imetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu *jalasa*, kukaa. Mahali pa kukaa, na pia mkutano wa watu waliokaa. Sasa tazama Kiswahili kilivyofikiri vilevile kwa mizizi yake chenyewe: tuna kukaa, tukapata kikao, tukapata makao, na mji huu tukauita Makao Makuu. Baraza ni pale nje ya nyumba wazee wanapokaa jioni, na baraza ni la mawaziri. Hata diwani, huyu wa kata anayekuja kuomba kura, jina lake limesafiri njia hiyohiyo: diwani kwa Waajemi, Waarabu na Waturuki ilikuwa halmashauri ya mtawala, kisha ikawa pia ile benchi ndefu yenye mito inayofuata ukuta, na Wazungu wakaita kochi lao *divan*. Mji wa vikao kama wetu, nyumba zake zikikosa mahali pazuri pa kukaa, naona ni kasoro kubwa.

Nilijifunza majlis Muscat. Nilikwenda mwaka 2014 nikiwa na miaka 22, kufanya kazi za ndani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa Kondoa na Singida wa rika langu. Kazi ilikuwa ngumu na siku zilikuwa ndefu. Lakini nyumba ile nilifanya kazi kwa bibi mmoja aliyezaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Mimi nilimwita Mama, yeye akiniita mwanangu, na mchana watu wengine wakilala alikuwa ananieleza mambo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kutoka barabarani nyumba ilikuwa haina uso. Ukuta mweupe, geti, vidirisha vidogo juu. Uzuri wote ulikuwa ndani. Na pale getini kulikuwa na mlango wa pili, wa wageni, unaoingia moja kwa moja kwenye majlis ya wanaume, ili mgeni asikatize kwenye maisha ya wenyeji na wenyeji wasimkimbie mgeni. Ndani ya hiyo majlis: zulia jekundu, matakia ya mistari myekundu, myeusi na myeupe kama ile ya ufumaji wa *sadu* wa Mabedui, kuta tupu. Hakukuwa na meza katikati. Katikati kuliachwa wazi kwa ajili ya sinia. Nilitarajia dhahabu, dhahabu pekee iliyokuwamo ilikuwa rangi ya dele la kahawa.

Kahawa ina adabu yake. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, unamimina kidogo tu, chini ya nusu. Mgeni akitosheka anaitikisa finjani kidogo kabla ya kukurudishia. Asipoitikisa unaendelea kummiminia. "Ukimjazia hadi juu umemwambia aondoke," Mama alinionya siku ya kwanza. Kabla ya kuaga, chetezo kinazungushwa, ubani wa Dhofari, kila mmoja anajifukiza nguo. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika majlis kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar kwa pamoja, na kahawa ya Kiarabu ikaandikwa mwaka huohuo. Kilichoandikwa ni desturi ya watu kukaa pamoja, kupokeana na kusuluhishana. Vitambaa havikuhusika.

Siku moja bomba lilipasuka. Mama akampigia fundi simu kwa Kiarabu, nikasikia "saqf, saqf", nikakimbia na kitambaa kupangusa sakafu. Sakafu ilikuwa kavu. Akanishika mkono, akanyoosha kidole juu: maji yalikuwa yanapenya darini. Saqf kwa Waarabu ni paa. Akanieleza kwamba kwao Unguja nyumba za mawe paa lake ni bapa, la chokaa iliyopondwa. Paa lako wewe wa chini ndilo analolikanyaga wa juu, basi Waswahili walilishika neno kwa upande wa miguu. Ghorofa nayo ni hivyohivyo, *ghurfa* ni chumba tu, sisi tukalipandisha ngazi. Maneno haya mawili nimeyapenda tangu siku ile. Babu zetu hawakubeba neno na kulitundika ukutani kama picha. Waliliingiza ndani ya nyumba, wakakaa nalo, likabadilika kwa namna walivyoishi.

Na hilo ndilo linalonisumbua kwenye simu za wateja wangu. Tunachokiita Kiarabu siku hizi tunakichukua kwenye kioo, na kioo kinapenda zari. Kinapenda taji, pazia, ngazi za kuzunguka. Hata Waarabu wenyewe hawakusalimika. Mwaka 2008 televisheni ya MBC iliichukua tamthilia ya Kituruki ambayo kwao Uturuki haikuwa imetamba sana, ikaiwekea sauti za Kiarabu cha mtaani cha Syria, na nchi nyingi za Kiarabu zikasimama kuitazama. Watu walipanda ndege kwenda Istanbul kuiona nyumba ya kwenye tamthilia. Marekani nako, filamu ya katuni ya 1992 ya kijana na taa yake ya jini iliwapa watoto wa dunia nzima mji wa Kiarabu unaoitwa Agrabah, mji usiokuwepo popote, wenye kasri la makuba linaloikumbusha Taj Mahal, ambayo iko India. Maneno ya wimbo wake wa kwanza yalibidi yabadilishwe mwaka uliofuata kwa sababu Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika kwamba yanawafanya kuwa washenzi. Mtoto aliyekua na picha hizo, ukimwambia "nyumba ya Kiarabu" akilini anaona kuba la dhahabu. Simlaumu, wala mteja wangu simlaumu.

Mimi picha yangu ya kwanza ilikuwa tofauti, na nashukuru.

Nilikuwa darasa la tatu, Kondoa, sikukuu ya Idi. Jirani mmoja mwenye jenereta alitoa televisheni yake uani, wanaume wakakaa upande mmoja, sisi na kina mama na bibi zetu tukakaa kwenye majamvi upande wa pili, wakaweka mkanda wa *The Message*, filamu ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, ya mwaka 1976. Ilikuwa ile ya Kiingereza, yenye Anthony Quinn akiwa Hamza. Kuna nyingine ya Kiarabu iliyopigwa sambamba na waigizaji Waarabu, tukio kwa tukio. Kijana mmoja wa sekondari alisimama kando ya TV akitafsiri kwa sauti. Mtume haonekani wala hasikiki kwenye filamu ile, watu wanazungumza wakiitazama kamera, na kina mama wa pale walikuwa wanaitikia salamu kana kwamba wamesalimiwa wao.

Ikafika sehemu Waislamu wamehamia Madina wanajenga msikiti. Udongo unakandwa, matofali yanapangwa, watu wanapokezana mkono kwa mkono. Bibi yangu, aliyekuwa ametoka kijijini siku ileile na basi, akaniinamia sikioni.

"Hao wanajenga tembe."

Nikacheka wakati ule. Leo najua kwamba hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo kwa usahihi zaidi. Msikiti wa kwanza wa Madina ulikuwa na kuta za tofali za udongo, nguzo za magogo ya mitende, na sehemu iliyoezekwa kwa makuti. Katikati ua wazi. Vyumba vya wake wa Mtume vilikuwa pembeni, milango ikielekea huko. Sasa chukua tembe la Wagogo, au letu Warangi: kuta za miti na udongo, paa bapa la boriti, fito na udongo juu yake, vyumba virefu vya chini vinavyozunguka ua, nje ukuta mtupu na ndani ndiko maisha. Mchana wa Oktoba unaingia ndani ya tembe unahisi kama umeweka uso kwenye mtungi. Usiku wa Julai, baridi ya Dodoma inapokata masikio, udongo unakurudishia joto la mchana. Juu ya paa bibi alianika mtama na kukausha vipande vya maboga. Uani ng'ombe walilala upande mmoja na hadithi upande mwingine.

Sitaki kulipamba tembe. Lilivuja masika yakizidi, paa lilitaka udongo mpya kila mwaka, giza lilikuwa jingi, moshi ulichoma macho, na ndani ya nyufa za kuta zake waliishi papasi. Homa ya papasi imewalaza watu wengi wa mikoa hii, mama yangu mmojawapo. Waliohamishwa kwenye matembe miaka ya mwanzo ya 1970 kwenda vijiji vya ujamaa waliambiwa wajenge nyumba bora, na kwa upande wa papasi na madirisha walioambiwa hivyo hawakudanganywa. Ila pamoja na papasi tulitupa ua. Tukatupa kivuli, tukatupa unene wa ukuta. Tukajenga kisanduku cha bati kinachopikika tangu saa nne asubuhi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Waarabu waliofika huku bara waliliona tembe na kulikubali. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaenda Tabora na Ujiji. Watemi wa Wagogo walikuwa wanatoza hongo kwa kila msafara, kwa maji na kwa kupita, na hawakuogopa mtu. Neno hilo sasa lina maana ya aibu lakini lilikuwa ushuru wa njia. Nilipokwenda Tabora kwenye harusi ya binamu yangu tulifika Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye nyumba ambayo Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872. Ilikuwa ya wafanyabiashara Waarabu. Iliyopo sasa imejengwa upya kama makumbusho, lakini umbo ni lilelile: tembe. Kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati. Cha pwani ni mlango, mbao nzito iliyochongwa. Mtu wa Oman aliyekuwa na uwezo wa kujenga apendavyo alipofika kwenye jua la katikati ya nchi alijenga kama mwenyeji, akaongeza mlango wake.

Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu, na furaha yangu haikuwa kamili. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu shingoni wamefungwa. Mbao kama zile zililipiwa na nini, kila anayepita pale anapaswa kujiuliza, na anayeniagiza "mlango wa Zanzibar" huwa namwambia pia. Halafu namweleza cha ufundi: ule wenye kichwa cha mraba ndio wenye asili ya Kiarabu, wenye tao juu ni wa mtindo wa Kihindi, na misumari ya shaba iliyochongoka nayo ni desturi ya India. Waliochonga walikuwa Waswahili na Wahindi kwa wingi. Kwa hiyo "mlango wa Kiarabu" mara nyingi ni jina tu.

Turudi nyumbani. Dodoma tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na kuanzia Mei mpaka Novemba ni jua, upepo na vumbi. Hii ni hali ya hewa inayofanana na ya nchi nyingi za Kiarabu kuliko inavyofanana na Dar es Salaam. Sasa mimi kama mshona mapazia nawaambieni ninachokiona. Mtu anajenga nyumba Ilazo, anaweka madirisha makubwa ya aluminiamu upande wa magharibi kwa sababu ameyaona kwenye picha. Mwezi mmoja baada ya kuhamia ananipigia simu: jua linaingia, makochi yanapauka, jirani anaona ndani. Nashona pazia zito lenye kitambaa cha pili nyuma. Linafungwa asubuhi, halifunguliwi. Taa zinawashwa saa sita mchana, feni inazunguka, na dirisha la gharama kubwa linakuwa ukuta.

Cairo tatizo hilo walilimaliza karne nyingi zilizopita kwa *mashrabiya*, dirisha la vipande vya mbao vilivyochongwa na kuunganishwa kama wavu. Ndani unaona nje, nje haoni ndani, upepo unapita na jua linachujwa. Mitungi ya maji iliwekwa hapo ipoe, na jina lake wengi wanalihusisha na *shariba*, kunywa, shina lilelile lililotupa sharubati. Sisi tunayo matofali ya matundu, yale ya maua, yaliyowekwa kwenye shule na hospitali zamani. Nimeanza kuwaambia wateja: kabla hujaninunulia pazia la pili, weka ukuta wa matofali ya maua mita moja mbele ya dirisha lile. Wawili wamekubali. Nimekosa kazi ya mapazia kwao na sijuti.

Kuna Mmisri, Hassan Fathy, msanifu majengo aliyeishi 1900 hadi 1989, ambaye ningependa kila fundi wa Dodoma amsikie. Kati ya 1945 na 1948 alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa tofali za udongo, kwa kutumia mafundi wa Kinubi kutoka Aswan waliojua kusimamisha paa la tao bila mbao za kushikilia. Ua, kuta nene, mashrabiya, minara ya kunasa upepo. Serikali ilitaka kuwahamisha wanakijiji waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na wao hawakutaka kuhama. Wengi waligoma, na kijiji hakikukamilika. Hilo nalisema kwa sababu najua hoja ya wateja wangu. Hakuna anayetaka kurudishwa kwenye udongo na mtu mwingine. Mmisri alikataa, Mgogo naye atakataa. Udongo unaonekana umaskini, na mtu aliyehangaika kuutoka umaskini ana haki ya kutaka ukuta unaong'aa.

Ninachoomba mimi ni umbo. Tofali liwe la saruji kama unataka. Na hapa nina habari njema, kwa sababu umbo limeanza kurudi bila sisi kujua. Nyumba za kisasa za siku hizi, zile ambazo kuta zimepandishwa mpaka zikaficha bati, zikionekana bapa kama boksi, ukipita Iyumbu jioni zimejipanga kwenye vumbi jekundu, zinafanana na nini? Nilimpitisha bibi kwa bajaji mwaka jana, nikamuuliza. Akazitazama kwa makini. "Tembe," akasema, "ila wamesahau ua."

Televisheni nayo haikunipa zari tu. Ramadhani moja Muscat, Mama alikuwa anafuatilia tamthilia ya Kisyria inayoitwa *Bab al-Hara*, iliyoanza 2006, mambo ya mtaa mmoja wa Dameski enzi za Wafaransa. Hadithi sikuielewa vizuri. Nyumba niliielewa. Barabarani uchochoro mkavu. Mlango unafunguliwa, ghafla ua, chemchemi katikati, mti wa mlimau, sehemu moja ya kivuli iliyoachwa wazi upande mmoja watu wanakaa wanakunywa. Nilisahau kupangusa meza. Nilikuwa naona uani kwa bibi, Kondoa, kama kungekuwa na maji.

Na msikiti ule mkubwa wa hapa mjini, uliofunguliwa mwaka 2010, tunaouita wa Gaddafi, nikipita mbele yake huwa nakumbuka usiku ule wa Idi. Filamu ya Akkad ilianza kupigwa Morocco, ikasimamishwa, na Gaddafi ndiye aliyewapokea Libya na kuigharamia ikamalizika. Fedha za Libya zilimwonyesha bibi yangu tembe la Madina, na fedha za Libya zikasimamisha msikiti huu wa mawe na marumaru hapa kwetu. Naswali humo na naupenda. Ila nikiwa kwenye safu huwa nafikiria ule wa udongo.

Kiwanja changu kiko Nala. Fedha yake ilianzia Muscat na ikamaliziwa na mapazia yenu. Mwezi wa tano tulichimba msingi. Fundi alipoiona ramani niliyoichora kwenye daftari la vipimo akaitazama mara mbili.

"Mama, hapa katikati umeacha wazi. Hapa si tunaweka korido?"

"Hapo ni ua, fundi."

"Mvua itaingia ndani."

"Iingie. Tunaweka mfereji na tangi."

"Na dirisha la sebule umeliweka linatazama ndani?"

"Linatazama uani, ndiyo. Na huu mlango wa pembeni ni wa wageni."

Hakunielewa siku ile, na haki yake, hajawahi kujengesha hivyo. Lakini ni fundi mwenye akili. Kuta zilipofika kimo cha mtu alinipigia mwenyewe saa tisa alasiri kuniambia vijana wamehamishia kikao chao cha chakula hapo katikati, wamesema panapita upepo.

Jumamosi nilimleta bibi kuona. Alikuja na fimbo yake na kanga mpya. Vyumba hakuviangalia hata kimoja. Alitembea hadi katikati, akasimama pale kivuli cha ukuta kilipoishia, akapima kwa miguu kutoka hapo mpaka ukutani, hatua saba. Akageuka kulitafuta jua lilipo. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka pembeni vizuri, akaniambia nimletee kitu cha kukalia.